Mtu akikuuliza karakta moja ni ngapi, hesabu kwanza

Kuna mama fundi wa nguo pale Kibuye, Kisumu, nimempelekea kazi kama mara tatu hivi, na hajawahi kunitajia bei kabla ya maswali. Unamwambia "Mama, kushona rinda ni pesa ngapi?" anaendelea tu na cherehani. La nani? Kitambaa unacho? Ndani kuna laini? Zipu ama vifungo? Unalitaka Jumapili hii ama ile ingine? Ukimaliza kujibu ndio anasema bei, na hiyo bei hata ukilia haishuki sana kwa sababu ashajua itamkula masaa mangapi.

Mimi kazi yangu ya kwanza ya kuchora karakta, yaani mhusika wa gemu, sikufanya hivyo. Divelopa mmoja (mtengenezaji wa gemu) alinitext jioni, "nataka karakta moja tu, ya pikseli, ni ngapi?" (pikseli ni vile vinukta vidogo vya picha) nikajibu chap chap kabla hajabadilisha mawazo, 1,500. Akasema sawa. Hiyo "sawa" ya haraka ingenishtua lakini wapi, nilikuwa nimefurahi. Kumbe gemu yake ni ile kamera inaangalia kutoka juu kwa kona, karakta anatembea pande nane, kila upande fremu sita za kutembea na tano za kupiga rungu. Piga hesabu: 48 na 40, jumla picha 88. Nilichora wiki tatu. Ukigawanya ni kama bob 17 kwa picha. Na jamaa hakuwa mwizi, alisema karakta moja na ilikuwa karakta moja, mimi ndio sikuuliza.

Kwa hivyo huu mwongozo ni wa mtu ako na laptopu, anajua kuchora kiasi, ako Kisumu, Nakuru, Kakamega ama popote huku, na anataka kuuza sanaa ya gemu bila kupitia hayo.

Hatua ya 1: Amua unauza nini, na uionyeshe

"Nachora kila kitu" haiuzi. Divelopa akitafuta mchoraji anatafuta kitu maalum: spraiti za karakta (picha zake za mwendo), taili za mandhari (vipande vya kupanga ardhi na maji), ikoni za vitu vya kubeba, picha za nyuma, ama picha kubwa ya jalada la dukani kama Steam. Chagua moja, mbili zikizidi. Ukiniuliza mimi, mtu mgeni aanze na ikoni. Ni ndogo, zinahesabika (ikoni 20 ni ikoni 20, hakuna mshangao), na ukiharibu moja unarudia moja.

Programu isikuzuie. Krita ni ya bure, LibreSprite ni ya bure, Piskel inafunguka kwa brauza tu hata kwa saiba. Aseprite unalipia na inafaa pesa yake ukifanya pikseli kila siku, lakini nunua na pesa ya kazi, usinunue na pesa ya kodi.

Sasa portifolio, yaani kazi zako za kuonyesha. Acha kujaza picha za wahusika wa katuni za watu. Kwanza si zako kuuza, pili hazimwonyeshi divelopa kama unaweza kumtengenezea chake. Tengeneza gemu ya uongo. Mimi nilichora ya mvuvi wa Dunga: mvuvi anatembea fremu sita, taili za maji, taili za magugu ya ziwa, boti, alafu ikoni za ngege, mbuta, omena, wavu na taa ya usiku. Kisha nikavipanga vyote kwa picha moja kama vile mtu ako ndani ya gemu anacheza, na moyo wake juu kwenye kona na pesa zake upande ule. Hiyo picha moja ya skrini nzima imeniletea kazi kuliko michoro mingine yote, kwa sababu divelopa hanunui mvuvi, ananunua skrini ambayo vitu vyake vinakaa pamoja bila kugombana. Na kama ni kitu ya kutembea, weka GIF, picha inayocheza, ikitembea. Picha imesimama haisemi chochote kuhusu animesheni yako.

Ukikosa divelopa wa kufanya naye kazi, ingia jamu za gemu (si ile ya Kondele raundabauti saa kumi na mbili jioni, hiyo haina zawadi). Ludum Dare iko tangu 2002, Global Game Jam hufanyika Januari kila mwaka, na itch.io, duka la gemu mtandaoni, ina jamu kila wiki. Masiku mawili matatu unachora na timu, mwisho unakuwa na gemu inayochezeka ikiwa na jina lako. Hiyo ndio kazi ya bure pekee ambayo naiunga mkono. Yule wa "nichoree bure nitakupa umaarufu" mwambie umaarufu haununui tokeni za stima.

Hatua ya 2: Jua saa lako moja ni pesa ngapi

Kaa chini na karatasi, andika mwezi wako bila kujidanganya. Wacha nikupe mfano: kodi 7,000, chakula 9,000, wifi 3,000, tokeni 1,500, fare 1,500, ya kutuma nyumbani 4,000. Hiyo ni 26,000. Alafu kuna ile watu husahau, laptopu na tablet ya kuchorea zitakufa. Kama zote ziligharimu 60,000 na zitaishi miaka mitatu, zinakula karibu 1,700 kila mwezi hata kama huoni. Ongeza akiba 4,300 ya ugonjwa na mwezi mkavu, jumla inafika 32,000.

Sasa usigawe na masaa 160. Hakuna freelensa anachora masaa 160 ya kulipwa, haswa anayeanza. Nusu inaenda kwa kutafuta wateja, kujibu meseji, kujifunza, na kungoja stima irudi. Gawa na 80. 32,000 kwa 80 ni 400. Hilo ndio saa lako, na si bei ya mteja, ni sakafu. Ukikubali kazi chini ya hapo unaifadhili gemu ya mtu na pesa ya chakula chako.

Kama unaishi kwa wazazi na hulipi kodi, bado weka kodi kwa hesabu. Siku ukihama hautaweza kuwaambia wateja wote bei imepanda mara mbili kwa sababu umepata bedsita Migosi.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kutaja bei

Hapa ndio pesa hupotea, kwa hivyo nakaa hapa kidogo. Niko na meseji moja nimeihifadhi kwa simu, mtu akiuliza bei naituma:

"Sawa kabisa, nikuulize mambo machache nikupe bei ya ukweli. Gemu inaonekana kutoka upande, kutoka juu, ama kwa kona? Karakta ana ukubwa gani kwa pikseli? Anafanya vitendo gani na kila kimoja pande ngapi? Anashika kitu mkononi? Unatumia injini gani? Kuna michoro tayari ambayo yangu lazima ifanane nayo? Unaihitaji lini? Na gemu ni ya kuuza ama ya kujifurahisha?"

Kila swali hapo lina pesa ndani. Injini kwa mfano, yaani programu anayotengenezea gemu: akisema RPG Maker MV tayari unajua taili ni 48 kwa 48, na karakta wa kutembea ni fremu tatu kwa pande nne, 12 basi. Akisema Godot ama Unity hakuna sheria, lazima akuambie mwenyewe.

Swali la kushika kitu mkononi watu huliona la ujinga. Sikia. Ukichora karakta anaangalia kulia, upande wa kushoto unaupata bure kwa kugeuza picha kama kioo, kwa hivyo pande nne unachora tatu. Lakini kama ameshika panga mkono wa kulia, ukimgeuza panga linahamia mkono wa kushoto. Kwa gemu nyingi ndogo hakuna anayejali. Ila kuna wateja watajali, na kama ana kibandiko jicho moja ama begi bega moja itaonekana wazi, na hapo upande wa nne unauchora upya. Hiyo ni theluthi nzima ya kazi imeongezeka kwa sababu ya panga. Muulize, "nikimgeuza panga likahama mkono ni sawa?" na jibu lake aliandike.

Mtu akikataa kujibu, akisema "wewe nipe tu bei", mpe mfano wa kazi uliyofanya na bei yake, "karakta kama huyu alikuwa 7,000", kisha rudi kwa maswali. Wengi hujibu. Asiyejibu hata hapo muache aende, hangekuwa mteja mzuri.

Hatua ya 4: Hesabu fremu, alafu andika bei

Tuseme majibu yamekuja: karakta 32 kwa 32, anaonekana kutoka juu, pande nne na kugeuza ni sawa. Kutembea fremu sita, kusimama fremu mbili.

Unachora pande tatu. Kutembea 18, kusimama 6, jumla 24. Kumbuni karakta mwenyewe, rangi na mchoro wa awali, masaa 4. Fremu moja dakika 20 (jipime na saa ya simu, usikisie, mimi nilidhani natumia dakika 10), kwa hivyo fremu zote masaa 8. Kupanga faili, kutoa na meseji za mteja, masaa 2. Jumla 14, mara 400 ni 5,600. Ongeza robo ya marekebisho, 1,400. Bei ni 7,000.

Kama kazi inapitia Fiverr, soko la mtandaoni la mafreelensa, wao wanakata asilimia 20. Sasa hapa wengi wanakosea, wanaongeza asilimia 20 juu ya 7,000, wanapata 8,400, alafu Fiverr inakata 1,680 na unabaki na 6,720. Usizidishe, gawa. 7,000 gawa kwa 0.8 ni 8,750. Dola ikiwa 129 hiyo ni kama dola 68, andika 70 uachie gharama ya kutoa pesa.

Na bei iandikwe na vitu vyake ndani: "Shilingi 7,000: karakta mmoja 32x32, kutembea fremu 6 na kusimama fremu 2, pande nne moja ikiwa ya kugeuza, marekebisho mara mbili, siku 6." Siku akisema "ongeza na kuruka" hugombani naye, unamwambia tu kuruka ni fremu ngapi na ni pesa ngapi. Ukiandika "karakta 7,000" umerudi kwa zile picha zangu 88.

Kuna watu watakuambia upunguze kwa sababu wewe ni wa Kenya na maisha ni rahisi. Akibargain punguza kazi, usipunguze bei. "Ukiwa na 5,000 tunaweza kufanya kutembea fremu nne badala ya sita na tuache kusimama." Ni ile ile ya Jubilee soko, ukitaka nyanya za 20 unapewa za 20, si za 50.

Hatua ya 5: Haki za picha

Hii wachoraji wengi wa hapa hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Marekani ni karibu kinyume, huko haki hubaki kwa mchoraji mpaka asaini karatasi ya kuzihamisha. Kwa hivyo ukisoma ushauri wa Wamarekani mtandaoni "picha ni yako mpaka uuze haki", na mteja wako ni wa Nairobi na hamkuandika chochote, huo ushauri haukusaidii.

Andikeni. Si lazima wakili, hata ujumbe wa email ambao mteja amejibu "nimekubali" ni bora kuliko kimya. Mimi naandika mistari mitatu: anaweza kutumia michoro kwa gemu hii na matangazo yake, mimi naweza kuionyesha kwa portifolio yangu baada ya gemu kutangazwa, na haki zote zinahamia kwake tu akilipa zaidi. Hapo bei yote mimi naifanya mara moja na nusu, wengine wanaifanya mara mbili. Akitaka kuichapisha kwa fulana pia hiyo ni mazungumzo mengine.

Na usichanganye na michoro ya AI ukaiuza kama ya mkono wako. itch.io tangu mwisho wa 2024 wanataka muuzaji wa michoro aseme kama ametumia, Steam nao wanamuuliza divelopa, kwa hivyo utamwingiza mteja wako kwa shida yeye ndio atajibu.

Hatua ya 6: Pesa na hatua za kazi

Nusu kabla hujafungua programu. Sio kesho, sio "nikipokea mshahara". Mteja wa Kenya anatuma M-PESA dakika hiyo hiyo, na ile meseji ya M-PESA ndio risiti yenu.

Kazi igawe mara tatu. Kwanza mchoro wa awali mmoja, karakta amesimama tu, aseme ndio au hapana. Hapo ndipo abadilishe nguo, nywele, rangi, kila kitu. Pili kutembea kwa upande mmoja. Tatu zingine zote. Marekebisho mara mbili ni kwa hizo hatua mbili za kwanza, na badiliko baada ya hapo linalipiwa kwa saa. Ukiacha marekebisho wazi utamkuta mtu fremu ya 24 ndio anakumbuka alitaka mzee si kijana.

Unapomtumia ya kuangalia, tuma GIF ndogo iliyo na jina lako limepita katikati. Faili safi baada ya nusu ya pili kuingia. Haijalishi mmeongea vizuri aje.

Wateja wa nje, anza kupitia jukwaa ambalo linashika pesa mpaka kazi iishe, kata yao inauma lakini ni bima. Baadaye mkizoeana mnaweza kutumia PayPal, ambayo tangu 2018 unaweza kuiunganisha na M-PESA, ila angalia kiwango chao cha kubadilisha dola kabla ya kubonyeza. Na ujue mlipaji wa PayPal ana siku 180 za kulalamika, kwa hivyo weka meseji zote na ushahidi wa kutuma faili, usifute.

Kitu kingine kuhusu dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160. Nilipiga kazi ya dola 200 nikihesabu 32,000 na nikaahidi watu pesa hapo hapo. Mteja alilipa mwisho wa Machi, dola iko 131 hivi, nikapata 26,000 na kitu. Elfu sita zimeenda na mteja hana makosa. Siku hizi bili zangu nikizipanga na pesa ya dola nahesabu chini ya bei ya leo, ikipanda ni asusa.

Mtu akikuambia amekutumia pesa nyingi kwa makosa umrudishie, ama ulipe "ada" kidogo ndio malipo yafunguke, ama anataka kununua picha zako zote kama NFT (cheti cha kidijitali cha kumiliki picha) bila kuuliza hata bei, bloki. Hakuna la kufikiria.

KRA, wale wa ushuru, pia wapo. PIN unayo, ritani ni kabla ya 30 Juni, hata mwaka ambao hukupata kitu.

Hatua ya 7: Kukabidhi

PNG yenye nyuma wazi, kamwe si JPEG, JPEG inachafua kingo za pikseli na mteja ataona vumbi pembeni ya karakta. Ukubwa ule ule mliokubaliana, usimkuzie. Kama lazima ukuze, mara mbili kamili ama tatu kamili, na uweke ile njia ya kukuza isiyolainisha, nearest neighbour, la sivyo inakuwa uji. Majina ya faili yaeleweke, mvuvi_kutembea_kulia na sio mwisho_mwisho2_kweli. Tuma yeye ajaribu kwa gemu yake ukiwa bado onlaini. Mara nyingi tatizo ni fremu moja iliyosogea pikseli moja, karakta anaruka kidogo akitembea, dakika tano umerekebisha na anakukumbuka kwa hiyo.

Faili ya kazi yenye leya (tabaka za mchoro) ni kitu tofauti. Haiko kwa bei mpaka mwandike iko.

Hatua ya 8: Uza mabaki

Ikoni ambazo hukumpa mteja kwa haki zote, ama zile za gemu yako ya uongo, zipange kifurushi uweke itch.io. Huko wewe mwenyewe unachagua unawaachia asilimia ngapi, ukiacha ilivyo ni 10. Unity Asset Store wanakata 30, Fab ya Epic 12. Weka ikoni kumi za bure na mia za kulipia dola tano hivi. Haitakulipia kodi, kwangu ni ya wifi mwezi mzuri, lakini wateja wawili wa kazi kubwa walinipata kupitia zile kumi za bure.

Na bei yako isikae pale pale kama bango la zamani. Watu watatu mfululizo wakisema sawa bila hata kupumua, saa lako limekuwa rahisi, peleka 400 kwa 500 kwa mteja mpya anayefuata. Wale wa zamani waambie mapema, "kazi hii tunamaliza na bei ya zamani, kuanzia mwezi ujao ni hii", na uwatumie ile orodha ya fremu na bei mpya kando ya kila moja. Yule divelopa wangu wa 1,500 alirudi mwaka jana. Nilimtumia maswali yangu yote, akajibu moja baada ya ingine, akalipa nusu, na safari hii pande zilikuwa nne.